Barabara ya Kusini: kutoka Mbagala hadi Mtwara, historia ya njia iliyojengwa vipande vipande

Mwana_Kiranjeranje (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Kila masika yakianza, picha za mabasi yaliyokwama Somanga zinasambaa, na chini yake hakosi mtu wa kuuliza kama huku kusini lami imeshafika. Imefika. Ukiondoka Mbagala Rangi Tatu alfajiri, jua halijazama uko Mtwara, kilomita 560 hivi, na tairi halijakanyaga vumbi. Lakini lami hii haikuja kwa mkupuo. Ililetwa huku kipande, kule pengo, na kwa miaka mingi pengo ndilo lililoamua safari itakuwaje. Nataka tulielewe hilo vizuri, maana naona tunaelekea kurudia yale yale.

Kwanza tupite njia yenyewe. Kwenye orodha ya barabara kuu ni T7. Sisi tunaiita Barabara ya Kilwa tukiwa mjini, na Barabara ya Kusini tukishavuka Kongowe. Vikindu na Mkuranga ni minazi, mikorosho na mananasi. Kimanzichana, Jaribu Mpakani, Bungu, kisha Kibiti. Hadi hapo msafiri bado anasikia pumzi ya Dar. Mambo yanabadilika Ikwiriri, barabara inapoteremka kwenye bonde la Rufiji: ardhi tambarare mpaka macho yachoke, mpunga, ufuta, na samaki wa mtoni wamepangwa kwenye meza kando ya lami. Halafu Ndundu, na Daraja la Mkapa lenye mita 970 linalovuka mto Rufiji.

Ng'ambo ya daraja nyumba zinapungua ghafla. Muhoro unauacha kushoto, unapita Nyamwage, msitu, magunia ya mkaa, mpaka Somanga ambako bahari inaisogelea barabara. Njianne, kisha Nangurukuru, njia panda kubwa kuliko zote katikati ya safari: kushoto kilomita 30 hivi uko Kilwa Masoko, kulia ni njia ya Liwale. Ukinyoosha unakutana na Hoteli Tatu, Kiranjeranje kwetu, mto Mbwemkuru, Mchinga, Lindi mjini, na mwisho Mingoyo, ambayo makondakta wote wanaiita Mnazi Mmoja. T7 inaishia hapo. Kulia ni Masasi, Tunduru na Songea, mbele ni Mikindani na Mtwara.

Historia inafuata, msiache uzi.

Mwana_Kiranjeranje

Kabla ya magari, njia kubwa za huku hazikuelekea kaskazini. Zilitoka bara kuja pwani. Misafara ya kutoka Ziwa Nyasa ilishuka hadi Kilwa Kivinje na pembe za ndovu na watu waliofungwa minyororo, na Kivinje ilikuwa bandari kubwa ya biashara hiyo mpaka Sultani Barghash alipotia saini mkataba wa 1873 wa kupiga marufuku kusafirisha watumwa baharini. Mtu wa Lindi aliyekuwa na shughuli Unguja alipanda jahazi. Delta ya Rufiji, na mikono yake yote ya maji na mikoko, ilikuwa ukuta kati ya kusini na Mrima, yaani pwani ya upande wa kaskazini.

Wajerumani walipokuja wakaweka boma Muhoro, wakalazimisha watu kulima pamba na kufanya kazi za barabara. Waingereza baada yao hawakuwa na haraka na njia ya kwenda Dar. Fedha nyingi walizoleta kusini walizizika kwenye karanga. Mpango ulianza 1947, Nachingwea ikafyekwa, bandari ya kina kirefu ikajengwa Mtwara, na reli ikawekwa kutoka pwani kwenda huko. Karanga zikashindwa, mpango ukafutwa 1951, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli ikang'olewa. Itazameni ramani ya reli ile: shambani hadi melini, basi. Ilikuwa ya kutoa mzigo. Kumuunganisha mtu wa Masasi na mwenzake wa Morogoro halikuwa jambo lao.

Tukapata uhuru tukiwa na bandari nzuri Mtwara, na barabara ya kwenda makao makuu ya nchi inayokufa kila mvua inaponyesha.

Kipatimu_Juu

Mkuu, umeipita Somanga haraka mno, niruhusu nirudi nyuma kidogo.

Hiyo Somanga mnayoiona kwenye taarifa za mafuriko ni sehemu ya historia ya nchi hii. Vita vya Majimaji vilianza kwetu Umatumbini, Nandete, Julai 1905, watu walipong'oa pamba ya Mjerumani. Mwisho wa mwezi huo huo wapiganaji walishuka kutoka milimani hadi Somanga wakaichoma. Kinjikitile Ngwale, aliyekuwa akigawa dawa ya maji pale Ngarambe, alinyongwa Muhoro tarehe 4 Agosti 1905. Kilwa Kivinje nako wengine walinyongwa, na kumbukumbu yao ipo.

Basi linapokimbia kutoka Ndundu hadi Njianne, saa moja tu, linapita katikati ya uwanja wa vita ile. Upande wa kulia ni milima ya Matumbi ilikoanzia, kushoto ni vituo vya Mjerumani vilivyoshambuliwa. Nimetafuta kibao kando ya barabara kinachomwambia msafiri hivyo, sijakiona. Nasema kwa uchungu. Watoto wetu wanasoma Majimaji darasani, halafu wanapita pale pale wamelala kwenye viti.

Mwana_Kiranjeranje

Asante sana kaka. Hili la kibao tulibebe, ni dogo na linawezekana.

Mzee_wa_Ndundu

Wajukuu, mmenigusa. Mimi ni wa Ikwiriri, nimekaa na mto huu maisha yangu yote.

Mnapoona vijiji vimejipanga kandokando ya barabara upande wetu, msidhani ilikuwa hivyo tangu mababu. Warufiji tuliishi bondeni, mto ukijaa unarutubisha shamba, ukipungua unapanda. Mwaka 1968 mafuriko yalikuwa makubwa, na serikali ikaanza Operesheni Rufiji, watu wakahamishiwa sehemu za juu. Ikwiriri ikakua kwa namna hiyo. Kwa hiyo barabara ilitukuta wengine, na wengine tuliletwa kwake. Mashamba yalibaki bondeni, na mpaka leo wapo watu wanaokaa dungu shambani msimu mzima kulinda mpunga.

Sasa pantoni ya Ndundu. Ninyi mnapita darajani hata hamfungui dirisha. Wakati ule basi likifika ukingoni linakuta foleni ya malori ya korosho. Pantoni inabeba magari machache, inakwenda, inarudi. Ikiharibika, mnakaa. Maji yakipanda sana, haivuki. Maji yakipungua sana, inakwama kwenye mchanga. Abiria wanalala chini ya magari, akina mama wanakoka moto, na sisi vijana tunawauzia samaki, uji na maji. Viboko unawasikia karibu kabisa, na mamba hawakuwa hadithi. Kijiji kizima kilikula kwa sababu ya foleni ile, lakini hata sisi tuliokuwa tukipata riziki pale tuliomba daraja lije, maana wagonjwa tuliwaona wakikata roho ng'ambo huku pantoni iko upande wa pili.

Dada_Mikindani

Shikamoo babu. Umesema la wagonjwa nikasimama kusoma.

Watu wa Mtwara na Lindi wa umri wangu tumekulia katika hesabu mbili: kiangazi na masika. Kiangazi unaweza kwenda Dar kwa basi, utafika umechafuka, lakini utafika. Masika unasubiri meli. Wengi humu mnakumbuka Canadian Spirit na mizigo yake. Mwenye uwezo alipanda ndege. Aliyekosa vyote viwili alikaa nyumbani. Mwalimu aliyepangiwa kazi kusini alilia kama kafiwa, na watumishi walituambia waziwazi kwamba wameletwa huku kama adhabu. Hilo limetuumiza vizazi, kuona kwamba kwetu ni mahali pa kumtupa mtu aliyekosea.

Mgonjwa mzito alipelekwa Ndanda kwa wamisionari, na kilichowashinda Ndanda kilihitaji Muhimbili, na Muhimbili ipo ng'ambo ya Rufiji. Leo tuna Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini pale Mitengo. Kwangu mimi hospitali ile na daraja lile ni jambo moja.

Mwana_Kiranjeranje

Sasa tufike kwenye daraja, ndipo penye kiini cha uzi wangu.

Daraja la Mkapa lilifunguliwa 2003, likiwa refu kuliko yote nchini wakati huo, kwa fedha za serikali yetu pamoja na mikopo ya Mfuko wa Kuwait na ule wa OPEC. Rais Mkapa, aliyekuwa madarakani wakati huo, alikuwa mtoto wa Lupaso, Masasi, na wapo waliosema amejipendelea. Mimi nasema alikuwa anaijua foleni ya Ndundu kuliko wachumi waliokuwa wakihesabu magari. Siku lile daraja lilipofunguliwa, watu wa kusini walisherehekea kama uhuru wa pili.

Lakini tazameni kilichokuwa mbele ya daraja. Lami ilikuwa inakuja kutoka Dar kupitia Mkuranga hadi Kibiti na Ikwiriri. Katika miaka ya 2000 vipande vya upande wa kusini, Nangurukuru hadi Mbwemkuru na Mbwemkuru hadi Mingoyo, navyo vikapata lami. Katikati pakabaki Ndundu hadi Somanga, kilomita 60. Kilomita 60 tu! Na kilomita hizo 60 zikaishika safari nzima. Unavuka daraja la kisasa la mita 970, unateremka upande wa pili, unaingia kwenye tope linalofika mlangoni mwa basi. Mkandarasi alikuwepo, mitambo ilikuwepo, tarehe za kukamilisha zikatangazwa na kupita, zikatangazwa tena na kupita. Kipande hicho kilikamilika katikati ya miaka ya 2010, zaidi ya miaka kumi baada ya daraja.

Na hapa kuna jambo linalonikereketa mpaka leo. Gesi ya Songo Songo inaingia nchi kavu pale pale Somanga Funga. Bomba lake lilijengwa, likavuka Rufiji, na mwaka 2004 gesi ikawa inazalisha umeme Ubungo. Gesi ilipata njia iliyonyooka kutoka Somanga hadi Dar miaka kumi kabla ya mtu wa Somanga. Mtu akitaka kuelewa hasira zilizolipuka Mtwara 2013 kuhusu bomba la pili, lile la kupeleka gesi ya Mtwara Dar, asianzie kwenye siasa za mwaka ule. Aanzie kwenye tope la Nyamwage.

Mti_Mkongo

Mwana_Kiranjeranje, uko sahihi kabisa, ila daraja lilileta na maumivu, tuyaseme.

Pantoni ilikuwa inatulindia misitu bila kujua. Daraja lilipofunguka tu, malori ya magogo yakamiminika Rufiji, Kilwa na Liwale. Mninga, mkongo, mvule, mpingo, vyote vikakatwa kwa kasi ambayo haikuwahi kuonekana. Mwanakijiji alilipwa senti kwa mti uliokuja kuuzwa kwa mamilioni bandarini. Serikali ilipiga marufuku kusafirisha magogo nje mwaka 2004, lakini magogo yalikuwa yameshatoka kwa wingi, na yaliendelea kutoka kwa njia za panya. Kijiji kilichokuwa na msitu mnene nyuma ya nyumba kikabaki na visiki na magunia ya mkaa.

Sipingi daraja, Mungu aniepushe. Ila barabara ikifika mahali penye mali na watu hawajui thamani ya mali yao, wa kwanza kuitumia barabara ni mnunuzi. Kilwa baadaye vijiji kadhaa vilipata umiliki wa misitu yao na kuanza kuuza mpingo kihalali, wakajenga visima na madarasa. Hilo lingetangulia daraja, leo tungekuwa tunaongea mengine.

Mzee_wa_Ndundu

Kweli tupu mjukuu. Niliyaona yakipita usiku na mchana.

Hesabu_Kwanza

Wakuu, nauliza kwa nia njema. Nchi yetu ni maskini. Barabara ya Chalinze ina magari mara nyingi zaidi ya hii ya kusini. Si haki fedha ziende kwenye magari mengi kwanza?

Mwana_Kiranjeranje

Mkuu, swali lako ni la msingi na ndilo lililotuchelewesha. Wahandisi walikuwa wanakuja, wanahesabu magari yanayopita kwenye tope, wanakuta machache, wanaandika kwamba hakuna sababu ya lami. Lakini magari yalikuwa machache kwa sababu ya tope! Huwezi kupima haja ya daraja kwa kuhesabu wanaovuka mto kwa kuogelea.

Angalia sasa. Lami ilipokamilika, mabasi ya Dar–Mtwara, Dar–Masasi na Dar–Newala yanapishana kila siku. Kiwanda cha saruji kikaja Mtwara 2015. Korosho, ufuta na mbaazi vinatembea. Wangesubiri magari yaongezeke kwanza, tungekuwa bado Ndundu na babu, tunakunywa uji.

Kijana_Mbinga

Na sisi wa Ruvuma tuhesabiwe. Lami ya Songea–Tunduru–Masasi imefungua bandari ya Mtwara kwa makaa ya mawe ya kwetu. Malori yanapita Mingoyo usiku na mchana. Nilichokiona kwa macho ni kwamba lami ya zamani haikuwekwa kwa uzito huu. Upande wa mzigo umeshabonyea, mawimbi kama ya bahari, na kwenye makona ya Lindi dereva lazima awe na roho ngumu. Reli ya Mtwara–Mbamba Bay tumeisikia tangu tuko shule ya msingi. Makaa ya mawe ni mzigo wa reli, jamani.

Fundi_Tuta

Nimefanya kazi za barabara, sitasema wapi. Nieleze kwa nini Somanga inakatika, kwa sababu wengi mnadhani ni uchawi au mkandarasi mwizi.

Milima ya Matumbi ipo karibu na bahari. Mvua ikinyesha kule juu, maji hayana safari ndefu ya kupunguza kasi. Yanashuka kwa mito mifupi, yanaikuta barabara imekaa kwa upande, kama ukuta, mahali ambapo ardhi imeshakuwa tambarare. Pale maji yanataka kutanuka. Sisi tumeyapa kalvati, tundu la kupitisha maji chini ya barabara. Kalvati moja likizibwa na gogo na majani, tuta linageuka kuwa ukuta wa bwawa, maji yanapanda upande wa milimani, yanatafuta sehemu dhaifu, na yakishapata hata upenyo mdogo yanakula udongo chini ya lami. Unaona lami imebaki inaning'inia, chini tupu. Na bahari ikiwa imejaa saa hizo, maji hayana pa kwenda haraka.

Kimbunga Hidaya, Mei 2024, kilionyesha yote haya kwa mara moja. Mvua ilishuka juu ya ardhi iliyokuwa imeshalowa kwa mafuriko ya Aprili, yale yaliyowatesa Kibiti, Rufiji na Muhoro. Barabara ikakatika zaidi ya sehemu moja kwa pamoja. Hilo ndilo la kuogofya, kwa sababu sehemu moja unaweza kumwaga mawe na kupitisha magari kesho yake. Zikikatika nne, mitambo ya kutengeneza ya pili haiwezi kupita ya kwanza. Waziri alipiga kambi, mafundi walifanya kazi usiku, kifusi na mawe vikamwagwa, njia ikafunguka baada ya siku kadhaa. Nawapongeza waliokuwa pale, nawajua baadhi yao. Lakini kumwaga mawe ni huduma ya kwanza. Dawa ni madaraja marefu yenye nguzo, tuta linyanyuliwe, na maji yaachiwe upana wake.

Dada_Mikindani

Siku zile mama yangu mdogo alikuwa na miadi Muhimbili. Mabasi yaliyotaka kufika Dar yalizunguka Songea, Njombe, Iringa. Tukarudi kwenye hesabu ya kiangazi na masika kama zamani. Naomba kuuliza Fundi_Tuta au mwenye uzi: kama njia ya Nangurukuru–Liwale ikiwekwa lami, si tutakuwa na mbadala?

Mwana_Kiranjeranje

Dada, lami ya Liwale naitaka kwa nguvu zote, kwa ajili ya Liwale yenyewe. Ufuta na korosho za kule zinateseka mno. Lakini kwa tatizo hili haitusaidii, kwa sababu inaanzia Nangurukuru, na barabara inakatika kaskazini ya Nangurukuru. Ukitoka Liwale bado unahitaji kuvuka Rufiji, na upande wa juu ni hifadhi. Mzunguko uliopo leo ni huo wa Songea, zaidi ya kilomita 1,500 badala ya 560. Nauli yake, mafuta yake, na mgonjwa ndani ya basi siku mbili, hiyo siwezi kuiita mbadala.

Ndiyo maana naogopa tukirudia ujenzi wa vipande. Nikisikia daraja hili limepata fedha na lile linasubiri bajeti ijayo, naiona Ndundu–Somanga nyingine. Kati ya daraja la Mkapa na Nangurukuru, kila mto unaoshuka Umatumbini ungetengewa fedha kwa pamoja, katika mkataba mmoja wenye tarehe moja. Na huku tukisubiri, meli ya abiria ya Dar–Kilwa–Lindi–Mtwara irudi wakati wa masika. Bandari zote nne zipo, bahari ipo, mababu walisafiri hivyo.

Fundi_Tuta

Naunga mkono la mkataba mmoja. Naongeza: vijiji vya kando vipewe kazi ya kusafisha makalvati kabla ya mvua, kwa malipo, kila Oktoba na tena Februari. Gogo lililoziba Mei lilikuwa linaonekana tangu Januari.

Kipatimu_Juu

Kwetu vijana wapo tayari. Nani anapeleka barua kwa meneja wa barabara wa mkoa? Mimi nitaanza na serikali ya kijiji wiki hii, mwenye mfano wa barua kama hiyo aniwekee hapa.